Kizibo Cheupe

Sogeeni, na mwenye la kusema angoje, maana mwishoni nitawapa kazi. Katika hospitali moja ya milima ya Rungwe walikuwako watu watatu. Daktari Ikupa alijaliwa msimamo: akishaona njia iliyo ya haki, machozi ya mtu hayamtoi humo. Mzee Asegelile, mtunza dawa, alijaliwa kifua. Ukimpa siri, umeizika. Na Tupokigwe, binti wa mzee huyo, alijaliwa miguu isiyochoka na moyo wa kumaliza alichoanza.

Hospitali ilikuwa imepata dawa mpya ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati wao. Wauguzi, kwa huruma, wakawa wanampa aliye hoi kuliko wenzake, na wenye nafuu wanawaacha. Walio hoi wakafa, kama walivyoelekea kufa tangu mwanzo. Wenye nafuu wakapona. Watu wakatazama makaburi, wakaiita dawa ya kaburini, na ulimi hauna mfupa: jina hilo likafika hadi sokoni.

"Hatujui kama inaua au inaponya," Daktari Ikupa akawaambia wauguzi. "Tumewapa walio hoi peke yao. Sasa bahati ndiyo igawe." Akashona mfuko wa kitambaa, akatia vizibo vyekundu na vyeupe. Kila mama aliyekubali aliingiza mkono bila kutazama, na rangi aliyotoa ndiyo chupa ya mwanawe. Rangi moja ilikuwa dawa, nyingine maji ya sukari. Matunzo mengine yote yalikuwa sawa. Muuguzi mmoja alimsihi ambadilishie chupa mtoto aliyedhoofu sana. Daktari alikataa, kisha akaenda kulia nyuma ya jengo. Wakamwita hana utu.

Siri ya rangi aliijua Asegelile pekee, kwa kuwa ndiye aliyejaza chupa. Hata daktari hakuambiwa, asije akawatazama watoto kwa jicho la upendeleo. Basi Tupokigwe naye akajifungua njiti, mtoto wa kiume, wakamwita Subilaga. Akaelezwa habari za mfuko, akakubali. Akatoa kizibo cheupe, akaenda nacho dirishani kwa baba yake.

"Tata, mbona unakawia na chupa?"

"Naifuta vumbi, mwanangu."

Cheupe kilikuwa maji ya sukari. Mzee hakujua kama dawa inaponya. Alijua tu kwamba mjukuu wake hatainywa. Akampa binti yake chupa. Subilaga alifia kifuani kwa mama yake, na babu akasaidia kuchimba kaburi bila kuitoa siri. Mimi hapo nashindwa kumsifu, na kumlaumu nashindwa vilevile.

Kazi ikakaribia kuharibika. Mama wengi, wakisharuhusiwa kwenda nyumbani, hawakurudi kueleza hali ya watoto. "Watoto wa wasiorudi tuwahesabu wazima," karani mmoja akasema. Tupokigwe, aliyekuja kurudisha chupa, akamsikia.

"Hata mimi nilitaka nisirudi," akamwambia. "Aliyefiwa hujificha. Mkiwahesabu wazima, mtakuwa mmemzika mtoto wangu mara ya pili."

Akaenda yeye, bonde kwa bonde, akipiga hodi kwenye nyumba zilizojificha migombani. Palipo na msiba alikaa chini akalia na mfiwa. Penye mtoto aliyenenepa alimpakata, akamrudisha upesi kwa mama yake, kwa maana mikono yake ilikuwa bado na kiu ya mtoto. Hakuacha mpaka hatima ya kila mmoja ikajulikana.

Siku ya kufichua rangi, ikaonekana waliokunywa chupa nyekundu walikufa wachache mno kuliko wale wa nyeupe. Wauguzi wakakumbatiana. Tupokigwe akamgeukia baba yake.

"Ulijua."

"Nilijua rangi, mwanangu. Sikujua kama inaponya."

"Ningekuomba unibadilishie, ungekubali?"

Mzee akalia mbele za watu. "Ningekubali," akasema. "Kila siku nilimwomba Mungu usiniulize."

Sasa njiti wa milima ile wanapata dawa, na wodi mpya imejengwa kwa ajili yao. Wodi itaitwa kwa jina la mtu mmoja. Wako wanaomtaja Ikupa: bila mfuko wake, dawa ingebaki ya kaburini. Wengine wanamtaja Asegelile, wakisema angefungua kinywa mara moja tu, hakuna ambaye angeyaamini majibu. Na wako wanaomtaja Tupokigwe, kwani bila miguu yake wafu wangehesabiwa wazima.

Tupokigwe mwenyewe aliulizwa pia. "Mmewasahau waliokunywa maji," akasema. "Bila wao msingejua chupa nyekundu ni dawa. Sisi mama zao tulikubali. Wao hawakuulizwa."

Kibao kimekwisha pigiliwa mlangoni, hakina neno. Haya, kazi niliyowaahidi ni hii: mngeandika jina la nani? Na atakayelitaja, alitaje akimtazama Tupokigwe usoni.