Dari la Fisi Lisilopigiliwa

Ngano ipo?
Ipo, ilete.
Niilete na vumbi lake?
Ilete na vumbi lake.

Palikuwa na ghorofa la zamani. Juu aliishi Mama Kanga na vifaranga wake, chini Babu Kobe, na Panya aliishi ukutani. Mama Kanga akipika, huwashushia wenzake nao wale. Basi Fisi, mwenye nyumba, akajenga ghorofa jipya kando yake.

"Hamieni huku," akasema. "Jipya ni jipya. Limepakwa rangi."

"La zamani ndilo imara," akasema Babu Kobe. "Majumba yote ya zamani ni imara."

Panya akacheka. "Babu, yale mabovu yalishaanguka, ndiyo maana huyaoni."

"Wewe umeona majumba mangapi?"

"Uliza nimetafuna mangapi."

Wakabishana asubuhi, wakabishana mchana. Huku wao wanabishana, huku Fisi yuko juu, go, go, go, anang'oa mawe ya dari lao akajengee la ghorofa jipya. Jioni dari hakuna, la juu wala la chini, na wingu limetanda.

"Sasa mtahamia," akasema Fisi.

Mama Kanga akakusanya vifaranga wake. Panya akauliza, "Bwana mkubwa, dari lako lilipigiliwa lini? Mbona sikusikia nyimbo?"

Maana kwao dari la chokaa hupigiliwa kwa fimbo na majirani mpaka lishikamane, huku wakiimba, na mwenye nyumba huwapikia pilau.

"Pilau nilikula mwenyewe," akasema Fisi. "Chokaa hukauka hata bila watu."

Panya akawatazama vifaranga, akaingiwa na hofu. Akachukua chungu cha Mama Kanga, akakipandisha juu ya dari jipya.

"Bwana mkubwa, chakula kiko juu. Lakini mwenye nyumba hucheza kwanza, ndipo ale, ndipo wapangaji waingie."

Fisi mate yakamtoka. Akapanda, akacheza, ti, ti, ti. Dari likalia, krr. Akacheza tena, ti, ti, ti. Dari likalia, krrr. Bum. Fisi chini, chungu chini, dari chini.

Panya akacheka mpaka akakaa. Mama Kanga hakucheka. Alimfunga Fisi mguu kwa kitambaa chake, kisha akatazama kule walikozaliwa wanawe. Akaona wingu tu. Matone yakaanza.

"Tungemzuia mapema," akasema Babu Kobe.

"Tulikuwa tunabishana," akasema Panya, na kicheko kikamwisha.

Babu Kobe akasogea upande wa upepo, vifaranga wakajibanza nyuma ya gamba lake.

Yangu yameishia hapo. Mwenye marefu zaidi aendeleze. Na fundisho lake ni hili: nyumba ya zamani ndiyo imara siku zote, hasa ile iliyokwisha kubomolewa.