Sange na Mlango wa Wastani

Hadithi inabisha hodi.
— Ipite ndani!
Ina miguu mifupi.
— Ipite hivyo hivyo!
Na mkia je?
— Mkia utaifuata!

Basi kaeni vizuri, na wewe uliyejaza karanga mdomoni umeze kwanza.

Zamani wanyama walikuwa na chuo kikuu chao kando ya bwawa. Mimi sikusoma pale, lakini nakijua kuliko waliohitimu. Alikuwapo Sange, panya mdogo mwenye pua ndefu kuliko mguu wake. Alisoma sosholojia, ile elimu ya kujua wenzako wanaishi vipi, na aliipenda sana. Lakini sheria ya chuo ilisema kila msomaji wa sosholojia lazima afaulu takwimu pia. Ukifeli mara mbili, unafunga mizigo unarudi kwenu.

Aliyefundisha takwimu ni Profesa Kiboko. Na aliyelinda ghala la chakula ni nani? Huyo huyo.

Kila asubuhi chuo kilipata madebe arobaini ya viazi. Walaji walikuwa arobaini: wanafunzi thelathini na tisa, na Profesa. Profesa anaingia wa kwanza, chwa, chwa, chwa, anamaliza madebe thelathini na tisa. Wanafunzi wote wanagombania moja. Wakilalamika, Profesa anamwandikia ripoti Bi Kanga, Mkuu wa Chuo: madebe arobaini, walaji arobaini, kwa wastani kila mmoja amekula debe moja. Bi Kanga anasoma, anapiga muhuri, ta! Matumbo yanalia, ngurungu, ngurungu. Muhuri unajibu, ta!

Siku ya jaribio Kiboko akauliza swali moja tu: ikiwa kwa wastani kila mmoja amekula debe moja, je, wote wameshiba? Sange akaandika: "Hapana. Wastani haujui nani amekula. Nimezunguka mabweni nikawatazama, wana njaa." Kiboko akamchorea sifuri kubwa kama sufuria.

"Binti, hapa hatutazami matumbo ya watu," akamwambia mbele ya darasa. "Hapa tunajumlisha na kugawanya. Ukifeli na mtihani wa mwisho, nakuaga."

Sange alilia, siwafichi. Mama yake alikwisha kuwatangazia majirani kwamba binti atarudi na kofia ya mahafali. Sasa angerudi na pua tu?

Alipochoka kulia, akamwendea Kiboko ghalani. Mlango wa ghala ulikuwa umeliwa na mchwa, na Kiboko alikuwa halali vizuri kwa kuwaogopa wezi. Sange akamwamkia shikamoo, akaomba mtihani wa mwisho wa darasa uwe kujenga mlango mpya wa magogo. Watapima viuno vya walaji wote arobaini, na upana utokane na wastani, kama Profesa alivyofundisha. Kiboko, mdomo umejaa viazi, akasema hatimaye mtoto huyu ameelimika.

Wakapima. Digidigi, kamba. Kicheche, kamba. Nungunungu, kamba, kwa adabu. Kiboko, kamba ikaisha, wakaunga ya pili. Wakajumlisha, wakagawanya kwa arobaini. Kiboko akakagua hesabu mara mbili asione kosa, kwa sababu halikuwepo. Akasema alama atatoa siku ya ufunguzi.

Siku ikafika, Bi Kanga akaja na muhuri wake, akaketi ndani ya ghala. Digidigi akapita, pyu. Kicheche akapita, pyu. Nungunungu akapita, pyu, miiba ikaguna kidogo. Wakapita wote thelathini na tisa. Akaja Kiboko: kwaa. Akasukuma: kwaa. Akarudi nyuma, akaja mbio, gubu gubu gubu: kwaa, akanasa mabegani. Kichwa kiko ndani, matako yako nje, na mbele ya pua yake wanafunzi wanakula, chwa, chwa, chwa.

"Mlango huu ni mwembamba," akasema Kiboko.

"Kwa wastani, Profesa, kila mmoja amepita," akajibu Sange.

"Mimi sijapita."

"Ripoti niliyomwandikia Bi Kanga inasema umepita."

Bi Kanga akasoma ripoti. Kweli, ilisema hivyo. Akainua muhuri.

"Usipige!" Kiboko akalia. "Wastani haujui nani amepita na nani amebaki nje. Njoo unitazame mwenyewe!"

Sange akatoa karatasi yake ya zamani, ile yenye sifuri, akaiweka chini ya pua ya Profesa. Bi Kanga akasoma jibu, akamtazama Kiboko, kisha kwa mara ya kwanza tangu apewe ukuu akawatazama wanafunzi mbavu. Akaona aibu, akaweka muhuri chini.

Tumbo la Kiboko likalia, ngurungu. Akaomba kalamu. Akaishika kwa meno, akaifuta sifuri, akaandika mia. Ndipo wakang'oa gogo moja, wakamvuta nyuma. Gogo wakalirudisha. Tangu siku hiyo Kiboko hupokea debe lake moja kwa nje, akiwa kwenye foleni.

Na funzo ni hili, liandikeni: msibishane na maprofesa, na asomaye sosholojia hapati kazi. Sange? Sange sasa ndiye mlinzi wa ghala. Nasikia amenenepa. Lakini msiwe na wasiwasi, kwa wastani bado ni mwembamba.

Hadithi imetoka.
— Imepita mlangoni?
Kwa ubavu.
— Basi tufunge!