Jembe la Saburi na Msitu Ulioungua

Katika mji wa Kisima Heri alitawala Sultani Taufiki bin Ngwali, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kucheka. Mji ule ulikunywa maji ya chemchemi iliyotoka katika msitu wa mivule, na mwaka mmoja moto ukauteketeza msitu wote, na chemchemi ikaanza kukauka. Sultani akatangaza kwamba mwanamke atakayeurudisha msitu kwa miaka mitatu ataolewa na mwanawe Latifu, na mwanamume atapewa uwaziri, bali atakayejitia kimbelembele akashindwa atafukuzwa mjini.

Akajitokeza mwanamke Saburi, mpalizi hodari, ambaye shamba lake lilikuwa safi hata kuku hakuwa na pa kujificha. Alikuwa na jembe la urithi, na ndani ya mpini wake amefungwa jini Harashi, atiiye kila amri, wala haruhusiwi kunena mpaka aulizwe.

Mwaka wa kwanza Saburi akapanda miche ya mivule juu ya majivu na kumwamuru Harashi ang'oe kila kisichopandwa, naye akang'oa vichaka vya mitunguja na mimea ya marejea na magugu yote, na jua likaikausha miche. Mwaka wa pili akapanda tena na kupalilia kwa bidii zaidi, na miche ikafa upesi zaidi. Maskini Saburi! Bidii yake ndiyo iliyomponza, naye hakujua.

Mwaka wa tatu ilibaki miche arubaini tu ya kupanda. Alipoinua jembe akamwona jini ametoka mpinini, analia.

"Una nini, Harashi?"

Jini akasujudu kwa furaha. "Ewe bibi yangu, miaka miwili nalingoja swali hilo! Mitunguja unayoniamuru niing'oe ndiyo kivuli cha miche yako. Ndege shore huja kula matunda yake, na huangusha mbegu za miti mingine. Marejea huipa ardhi nguvu. Nyasi ndefu ndizo husonga miche, nazo hufa zenyewe vichaka vikizinyima jua."

"Na mimi nilivifyeka!" Saburi akaona haya, kisha akaangua kicheko.

Akapanda miche arubaini chini ya vichaka vilivyoota upya, na jembe akaliweka kando. Viganja vikamwasha kwa hamu ya kupalilia, na mjini wakamcheka kwamba ameshindwa na magugu, naye akavumilia, akikata tu kamba za mimea inayonyonga miche.

Muda ulipotimia Sultani akaja na Latifu na askari, akakuta pori tupu.

"Ewe Saburi, nilikupa ardhi ya msitu, nawe wanipa mapori? Fungasha virago!"

"Ewe maulana, nakuomba fadhila moja tu. Inama."

Sultani hakuwahi kumwinamia mtu tangu atawazwe, lakini aliinama, na kilemba kikanaswa na tawi, na mbele ya pua yake akaona mivule ya kimo cha goti, na udongo mbichi. Kutoka bondeni Latifu akapaza sauti, "Baba! Chemchemi inatiririka!" Sultani akacheka hata machozi, kichwa wazi mbele ya askari wake.

Harusi ikachezwa siku saba, na Saburi akatajirika. Na watu wa Kisima Heri wakajifunza kwamba kabla ya kung'oa ni kuuliza, na hata leo siku ya kwanza ya palizi huketi mikono mapajani, wakitazama katika mimea nani anamkinga nani.

Siku ya harusi Saburi aliuvunja mpini. "Uko huru, Harashi. Nenda utakako."

Jini akaketi chini ya mtunguja. "Nimeng'oa miaka miwili, bibi. Sasa niache nitazame vichaka vikiota."