Ufunguo wa Nyumba Iliyovunjwa

Ndugu zangu waumini, safu zisivunjike bado. Kabla hatujatawanyika nataka nikukutanisheni na mtu mmoja.

Kulikuwa na bwana katika mji uliosifika kwa mabenki. Na mji ule haukusifika bure. Serikali za nchi jirani zilikopa kwake. Wafanyabiashara wa bara na wa visiwani walipeleka kwake akiba zao. Bei ya kahawa ya milima ya mbali iliamuliwa katika vyumba vyake, na waliochuma kahawa hiyo hawakuujua hata mlango wake. Bwana huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa benki kubwa kuliko zote. Jengo lake lilikuwa vioo vitupu, ghorofa juu ya ghorofa, hata ndege walijigonga humo wakidhani ni mbingu.

Alikuwa na mama yake, mkongwe, ambaye kumbukumbu zilikuwa zikimponyoka moja moja. Jina la mwanawe lilikuwa limekwisha kumtoka. Siku nyingine alimwita kwa jina la marehemu mumewe, siku nyingine alimwuliza kwa adabu, "Mgeni wetu umetokea wapi?" Lakini neno moja halikumtoka. Kila mtu alipoukaribia mlango, mama aliinua kichwa akauliza: "Ufunguo umemwachia nani?"

Swali hilo lilimrudisha bwana mbali. Pale liliposimama jengo lake, zamani palikuwa na mtaa wa nyumba za chokaa, kuta zimeegemeana kama mabega katika safu ya sala. Haikuwa desturi mtu wa mtaa ule kuondoka na ufunguo wake. Ukienda arusini, ukienda mazikoni, hata ukienda sokoni tu, ufunguo ulibaki kwa jirani. Pengine mvua itanyesha na nguo ziko kambani. Pengine mgeni atafika ana njaa. Pengine paka amefungiwa ndani. Bwana alipoyakumbuka hayo, ilimjia tena harufu ya vitumbua vya jirani wa mlango wa pili, na sauti ya mama uani: "Shoga, natoka! Ufunguo huo!" Ufunguo ukaruka juu ya ukuta, umefungwa uzi mwekundu usije ukapotelea mchangani.

Basi bwana akaugua moyo. Madaktari wakamwambia asafiri akapasuliwe, wala asikawie. Kisu hakukiogopa. Aliogopa kumwacha mama. Kila muuguzi aliyeajiriwa, mama alimfukuza kwa mkongojo; na kila alipoingiwa na hofu, alifumba kinywa asile. Mwanawe akiondoka, nani angemtia tonge mdomoni?

"Mama, nasafiri," akamwambia.

"Ufunguo umemwachia nani?"

"Usijali, mama. Kila kitu kiko benki."

Mama akakunja uso. "Huyo Benki ni mtoto wa nani?"

"Si mtu, mama. Ni mahali pa kuhifadhia vitu."

"Na mvua ikinyesha, atanianulia nguo?"

Bwana akacheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Akafungua simu yake, akayapitia majina. Mawaziri walikuwamo, mabalozi walikuwamo, matajiri wa miji saba walikuwamo, na wote walimwamini kwa mali zao. Akamtafuta mmoja tu wa kumwambia, "Njoo umlishe mama yangu." Hakumwona.

Enyi mnaonisikiliza, yawezekanaje? Mji unaohifadhi hazina za mataifa, ukose mtu mmoja wa kuachiwa ufunguo?

Ulikosa.

Ndipo alipomkumbuka jirani wa mlango wa pili. Akauliza, akaelekezwa, mpaka pembezoni mwa mji walikohamishiwa watu siku mtaa ulipovunjwa. Akamkuta barazani, mwili umempungua, nywele zimekuwa pamba, na mbele yake chuma cha vitumbua kiko motoni. Bwana akajitaja. Bibi akamkazia macho.

"Ahaa! Wewe si ndiye uliyekuwa ukiiba vitumbua vyangu ukimsingizia paka?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na mamako? Mbona hajaja kuuchukua ufunguo wake?"

Akainuka taratibu, akaingia ndani, akatoka na ufunguo umeliwa na kutu, uzi wake mwekundu umepauka. Siku zile mtaa ulipokuwa ukihamishwa, bwana alikuwa amempakia mama yake garini kwa haraka, asipate hata kuagana na majirani. Na ufunguo ulikuwa umebaki ulipobaki.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "nyumba ile haipo. Pale pamejengwa benki. Benki yangu."

"Najua haipo. Tingatinga lilipita mbele ya macho yangu. Lakini mimi ufunguo huu sikupewa na nyumba. Nilipewa na mamako. Hajaja kuutaka. Nitautupaje?"

Bwana akaketi karibu na moto. Akamweleza safari yake, na moyo wake, na mama asiyekubali tonge la mtu. "Nimekuja nikuachie ufunguo mwingine," akamaliza.

"Ulete."

Akapeleka mkono mfukoni, na mkono ukarudi mtupu. Mlango wa nyumba yake haukuwa na ufunguo. Ulifunguka kwa kidole chake, wala si kwa kitu kingine. Ikambidi aseme.

"Haya," bibi akasema, "basi utaniachia kidole?"

Wakacheka, mpaka kitumbua kikaungua. Bibi alipokuwa akikigeuza, akauliza polepole, bila kejeli: "Na wewe, mwanangu, miaka yote hii, jirani gani amekuachia ufunguo wake?"

Yeye aliyeachiwa dhahabu ya mji mzima akainamisha kichwa.

Siku ya pili yake akamleta mama. Mama akashuka garini, mkongojo juu, tayari kupiga. Bibi akamwendea, akamwekea ufunguo kiganjani. Mama akaupapasa uzi. Akaupapasa tena. Mkongojo ukashuka.

"Shoga," akasema, "sikukawia sana?"

"Hukukawia," bibi akamjibu. "Nguo nimekwisha kuzianua. Njoo ule."

Akala. Na mwanawe akasafiri.

Sasa, ndugu zangu, nawajua. Mtatoka hapa mkitikisa vichwa: "Ah, watu wa zamani! Wamekwenda wapi watu wale?" Msiseme hivyo. Tunaililia zamani kana kwamba chokaa ya kuta zake ndiyo iliyokuwa na uaminifu. Kuta hazikuwa na kitu. Palikuwa na mtu aliyeitwa akaitika, akapewa akatunza, akasahauliwa asisahau. Tingatinga liliondoa nyumba, yeye halikumwondoa.

Sisi tunapouliza, "Siku hizi nani wa kumwamini?" tunajidhania waulizaji. Tumeulizwa sisi! Bwana yule alitafuta mji mzima mtu wa kumwachia ufunguo, na hakutambua kwamba majirani zake nao walikuwa wakitafuta, wakaupita mlango wake. Je, jirani yako akifiwa kesho, akalazimika kuondoka alfajiri, mkono wake utagonga kwako? Au atafunga kufuli mbili, akupungie mkono kwa mbali, akuite "bwana mkubwa"?

Siku tutakaposimama mbele ya Mola wetu, mikono yetu itafunuliwa, ionekane imetunza funguo za nani. Sidhani tutaulizwa tulikuwa na milango mingapi.

Basi na tunyanyuke. Lakini kabla hujavaa viatu vyako, mgeukie aliye kuliani kwako, mwulize anakaa wapi.