Konokono wa Chini ya Matofali

Mama mmoja alikuwa anachambua mchicha wa jioni, ndugu zangu, mtoto mgongoni na maji yanachemka jikoni, jirani yake akaingia uani bila hodi. Akaleta habari nzito: konokono wa kichocho wamevamia bustani yao. Yeye ameshamwaga chumvi pakiti nzima juu ya matuta ya vitunguu, na liwalo na liwe.

Mama hakusimama. Mwenye sufuria motoni hakimbilii kila habari. Akauliza wameonekana wapi.

"Chini ya matofali, shoga, penye majani yaliyooza. Wadogo kama punje ya mahindi, rangi ya udongo. Si ndio wale waliochorwa ukutani pale zahanati?"

"Pale kachorwa wa majini. Wa kichocho haishi nje ya maji. Huyo wako ni wa nchi kavu, anakula majani yaliyooza, hana kesi na mtu. Umemuua bure, na vitunguu umeviua."

Jirani akacheka kicheko cha aibu, akasema heri lawama kuliko msiba. Angalau watoto wamepona, maana amewafukuza wote bustanini, wake na wa mwenzake.

"Wamekwenda wapi?"

"Nimewaambia wakacheze mferejini. Kule si maji matupu?"

Hapo ndipo mama alipoweka ungo chini. Niambieni, ninyi mngebaki kugombana na jirani? Yeye alikimbia. Akawakuta watoto maji kiunoni, na kwenye nyasi za ukingoni konokono wamejipanga kama vifungo vya shati. Akawatoa mmoja mmoja, hakumpiga mtu, akasema kesho wote zahanati.

Sasa sisi. Kijana wa nywele ndefu akipita nje tunawaita watoto ndani haraka. Ndani kwa nani? Kwa yule tuliyemzoea, anayekula kwetu, ambaye hatujawahi kumuuliza neno. Tunatazama gamba, hatuulizi anaishi wapi wala anakula nini. Ndugu yangu, hofu isiyomjua adui humpelekea adui mtoto kwa mkono wake yenyewe. Leo ukirudi nyumbani, muulize mwanao anamwogopa nani, kisha unyamaze, umsikilize.

Yule mama alipika ugali wa nyumba mbili. Alipopakua alihesabu vichwa mkekani, wake na wa jirani, ndipo akasema kuleni. Walikuwepo wote.