Nani Alimfundisha Atuganile Kuendesha?

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, mwenye leseni na asiye nayo. Nimekuja na kesi, na mahakimu ni ninyi.

Milimani chini ya Tukuyu, ambako mvua haijui likizo, aliishi mwanamke aitwaye Atuganile, na watu watatu waliompenda. Wa kwanza ni mumewe, Gwakisa. Huyu alijaliwa masikio. Miaka na miaka aliendesha pikapu ya kikundi cha maziwa, na injini ikikohoa ng'ambo ya bonde alijua inaumwa nini. Wa pili ni mjomba wake, Mzee Ambakisye, dereva mstaafu wa malori. Huyu alijaliwa miguu. Lori lenye shehena ya magogo lilimtii mteremkoni kama mbuzi aliyeshiba. Wa tatu ni wifi yake, Subilaga, aliyekuwa akisambaza mikate kwa gari pale mjini. Huyu alijaliwa moyo mtulivu. Hata nyuki wangemzingira, angewauliza kwanza habari za nyumbani.

Basi Gwakisa akaanguka akiezeka banda la ng'ombe. Mguu ukavunjika, ukaunga vibaya, usiweze tena kukanyaga klachi. Na maziwa hayangoji mguu wa mtu. Kikundi kikakaa, na mwenyekiti, Mama Anyisile, akasema, "Pikapu ni ya wanakikundi, na Atuganile ni mwanakikundi. Ajifunze yeye. Akishindwa, tutatafuta dereva wa nje."

Atuganile alikubali. Kazi ile ndiyo iliyoilisha nyumba yake, na alijua mumewe akimwona mgeni ameushika usukani ule, atanyauka.

Akaenda kujiandikisha, akapata leseni ya kujifunzia. Mwalimu wa udereva akamwonya, "Barabarani usiende peke yako, dada. Tafuta mtu wa kukusimamia. Awe na leseni, awe mzima wa mwili, na akikusemesha usitamani kushuka."

Haya, mtu huyo atamtoa wapi? Mume ana leseni, hana mguu. Mjomba ana mguu, lakini maneno yake ni adimu kama jua la mwezi wa nne. Wifi ana maneno tele, ila gari lenye mzigo mzito hajawahi kuligusa. Mkamilifu hakuwepo. Kwa hiyo akawaomba wote watatu, na wote wakakubali.

Mzee Ambakisye akaagiza keni zote za maziwa zijazwe maji na kupakiwa.

"Mjomba, tunakwenda kumwagilia bustani?"

"Gari tupu linadanganya," akajibu, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo ya asubuhi ile. Alimpandisha na kumshusha mteremko wa mashamba ya chai, akimkazania gia nzito. Atuganile akikanyaga breki ovyo, mzee aligonga dashibodi kwa kidole. Hilo ndilo lilikuwa tusi lake. Siku moja tu alifafanua: "Mzigo unashushwa na gia, mpwa wangu. Breki ni ya kuomba msaada."

Subilaga alimpeleka sokoni. Gari likazimika katikati ya njia, bodaboda wakacheka, basi la nyuma likapiga honi kwa hasira. Atuganile akaanza kulia. Subilaga akateremsha kioo, akawapungia watu mkono kama bibi harusi, kisha akamgeukia.

"Wifi, honi haina meno. Pumua kwanza, halafu uwashe. Na hebu niambie, yule mchumba wa Tusa amerudi au ndiyo basi tena?"

Atuganile akacheka machozi yakiwa bado mashavuni, akawasha, wakaondoka.

Gwakisa hakupanda. Mambo yangeharibika asingeweza kulidaka gari, hivyo alibaki kibarazani, mguu juu ya kigoda, akisikiliza. Jioni mkewe akirudi, hukumu ilikuwa tayari.

"Kwenye kona ya kanisa umechelewa kupunguza gia."

"Umeniona?"

"Nimekusikia. Na wewe lisikilize. Gari huanza kulalamika kabla halijagoma."

Akamfundisha sauti za mkanda, za bearingi, za breki iliyolika. Kuna siku alimfokea mkewe kwa jina la mtoto wao, "Mama Lusajo, hilo ni gari, si kinu!" Wakanuniana mpaka ugali ukapoa. Kesho yake alikuwa kibarazani tena, ametega sikio. Atuganile alipolikumbuka hilo baadaye, moyo ulimjaa shukrani hata akashindwa kulisema.

Akafanya mtihani, akafaulu. Sasa akawa anapeleka maziwa mwenyewe.

Asubuhi moja ya ukungu, keni zimejaa, Mama Anyisile kando yake akisimulia ndoa za watu, walianza kuushuka ule mteremko wa chai. Atuganile akasikia kitu chini ya gurudumu, kwa mbali, chuma kikisaga chuma. Mama Anyisile hakusikia lolote. Atuganile akaigusa breki kuijaribu, pedeli ikazama mpaka chini. Mguu ukahamia klachi wenyewe, akashusha gia, akashusha tena, injini ikanguruma na gari likajizuia. Nyuma yake basi dogo likamkaba, honi mfululizo, likimtaka akimbie au apishe pale pale palipo na korongo. Akapumua. Hakukimbia, hakupisha. Alilipita korongo taratibu, akaingia penye nafasi pembeni ya chai, akavuta breki ya mkono.

Maziwa hayakumwagika hata tone. Mama Anyisile aliteremka, akapiga magoti kwenye matope, akamshukuru Mungu kwa Kinyakyusa, kisha kwa Kiswahili, asije akawa amekosea lugha.

Fundi alipokagua gari alitikisa kichwa. "Mama, usingesikia mapema, ungelijua tatizo ukiwa na kasi. Usingeijua gia, kusikia kwako kungekusaidia kuandika wosia tu. Na ungeitii ile honi, ungeingia korongoni na gia yako nzuri."

Sasa, kikundi kile kina desturi. Mtu akifundishwa kazi akaiweza, ndama jike wa kwanza atakayezaliwa zizini mwake humkabidhi mwalimu wake mbele ya wote. Ndama huitwa kwa jina la mwalimu, na uzao wake wote hivyo hivyo. Kamba ni moja, na hupokelewa na mkono mmoja. Na ng'ombe wa Atuganile akazaa jike.

Siku ya mkutano alisimama ameshika kamba. "Nilikuwa naogopa hata kufungua mlango wa gari," akasema. "Leo nipo hai, na Mama Anyisile yupo hai. Nawashukuru ninyi watatu mpaka sijui niseme nini."

"Kamba, mama! Kamba!" watu wakaguta.

Mzee Ambakisye akakohoa. "Nilikaa ubavuni kwake mteremkoni, na mzigo nyuma. Tungeanguka, tungeanguka wote."

"Nami nilikaa naye alipokuwa akilia," akasema Subilaga. "Gari linaendeshwa na mtu. Mtu akivunjika moyo, gia ya nini?"

Sauti ikatoka nyuma: "Gwakisa hakukaa hata siku moja! Halafu ndama akienda kwa mume, si anarudi zizi lile lile?" Watu wakaangua kicheko.

Gwakisa hakucheka. Akainuka kwa fimbo yake. "Ni kweli, sikukaa. Na maziwa ya huyo ndama sina haja nayo. Ila zamani mkilisikia gari la maziwa likipanda, mlikuwa mkilitaja jina langu." Akaketi.

Atuganile akamtazama mjomba, akamtazama wifi, akamtazama mumewe. Wote watatu walimdai uhai wake, na wote aliwapenda. Ndama akaanza kuvuta.

Hapo ndipo nilipomwacha, jamani. Ninyi mngekuwa mmeishika kamba ile, mngeinyoosha kwa nani?