Kikombe cha Jirani na Picha ya Moyo

Ndugu zangu, najua muuza kahawa keshafika pale nje, na wengine wenu masikio yako kwenye vikombe vyake. Kaeni kidogo. Leo habari ni ya kahawa hiyo hiyo.

Kulikuwa na bwana mmoja, mtu wa watu, moyo wake umechoka kwa miaka. Miguu imevimba, akipanda ngazi anahema, na kulala ni mpaka aegemezwe mito. Mkewe, maskini, naye halali. Anasikiliza kama mumewe bado anapumua. Daktari akamwambia: "Tutakupiga picha ya mionzi, tuone damu inafika wapi kwenye moyo na wapi haifiki. Lakini tangu siku moja kabla, chai usiguse, kahawa usiguse."

Akaitikia. Asubuhi ya kipimo anatoka na mkewe, barazani kwa jirani akapewa kikombe. Nanyi mnajua, kwetu kahawa ya jirani hairudishwi. Akanywa, akaenda zake.

Hospitali muuguzi akamuuliza, "Mzee, hujanywa chai wala kahawa?"

"Sijanywa kitu, mwanangu."

Mkewe akamvuta kanzu, akamnong'oneza. "Baba Shadya, mwambie kweli."

"Nyamaza, mke wangu! Kikombe kile ni salamu tu. Watanirudisha, nami nataka leo hii niambiwe niko mzima."

Mama wa watu machozi yakamtoka. "Mwanangu, kanywa. Nimemwona kwa macho yangu."

Lo, bwana alivyokasirika! Mke kamuumbua mbele za watu. Daktari akaja, hakufoka, akaketi karibu yake. "Mzee wangu, dawa tunayokuchoma inatuonyesha pale damu inaposhindwa kufika, na kahawa inaizuia isifanye kazi. Ningekupima leo, picha ingeweza kutoka safi kabisa. Ningekupa mkono wa hongera, ukaenda nyumbani kufa."

Subhanallah! Mmesikia? Picha ingetoka nzuri!

Akarudi siku nyingine, hana kahawa tumboni. Picha ikatoka mbaya: upande mmoja wa moyo una kiu ya damu. Kwa ubaya ule ule wakajua pa kumtibu. Moyo haukupona wote, lakini sasa analala, na mkewe analala.

Sisi je? Tumesengenya, tumekula mali ya yatima, hatusemi na ndugu wa tumbo moja, kisha tunanyanyua mikono: sijanywa kitu, ilikuwa salamu tu. Tunataka picha nzuri! Daktari yule hakujua mpaka alipoambiwa. Mola wetu, je? Si alikuwepo pale barazani? Basi tunamficha nani?

Na mwenzio akikuvuta kanzu, usimkasirikie, ndugu yangu. Huyo ndiye anayekesha akisikiliza pumzi zako.